Bwana Mifugo Alikuwa Akiongea na Ng'ombe

Kijijini kwetu kila mtu alimwita Bwana Mifugo, hata baada ya serikali kumstaafisha na kutuletea mwingine, kijana mwenye pikipiki. Yule kijana tulimwita kwa jina lake. Cheo kilibaki kwa mzee. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sitaeleza. Waulizwe ndugu zake, wapo, na wanapenda sana kuyaeleza hayo kwenye misiba. Mimi naandika ninayoyajua, na niliyajua nikiwa upande wangu wa uzio wa minyaa, yeye upande wake, na ng'ombe katikati yetu.

Niseme mapema nilichokuwa nakitaka kwake, msomaji asihangaike. Nilitaka anisalimie. Kwa Kiswahili au kwa Kinyiramba, mchana, mbele ya watu. Basi. Sikumtaka anipiganie, sikumtaka anijengee nyumba. Salamu tu, ile ambayo hata mlevi wa njiani anapewa.

Alikuwa mtu mrefu aliyeinama kidogo, kama mtu aliyezoea kuingia mazizi yenye milango mifupi. Buti zake za mpira alizivaa hata kanisani; Jumapili tofauti yake ni kwamba zilikuwa zimeoshwa. Alikunywa kahawa nyeusi yenye sukari mpaka meno yanauma, kwenye kikombe kidogo kama cha kupimia dawa, akasema kahawa ya kikombe kikubwa ni maji ya kuogea. Ujana wake serikali ilimpeleka Kuba akasomee kupandisha ng'ombe kwa mrija, na aliporudi wazee walimcheka miaka na miaka. "Haya, mume wa ng'ombe wote amefika," walisema akitokea na kidumu chake cha barafu chenye mbegu. Yeye alicheka nao. Hakuwa mtu wa kukasirika, na hilo lilikuwa jema lake na baya lake.

Akiwa kazini aliongea Kihispania. Alikuwa akiingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe, huku anambembeleza kwa maneno marefu yaliyopanda na kushuka. Mume wangu, enzi zake, alimwuliza kwa nini hasemi na ng'ombe wetu kwa lugha wanayoijua.

"Mkono ulijifunzia katika lugha ile," akajibu. "Nikisema nyingine unasahau pa kwenda."

Watu wakazoea. Ukipita ukasikia Kihispania nyuma ya minyaa, ulijua kuna ng'ombe anahudumiwa. Hata watoto hawakugeuza shingo.

Mnyama hakumwogopa. Mara moja fahali la shemeji yangu Yona lilivunja zizi, likampasua mtu paja, wanaume wakapanda juu ya mawe makubwa yale ya mlimani kwetu, wote, na mikuki yao. Bwana Mifugo alitembea akalifuata, akaongea nalo kama mtu anayemuuliza mgeni njia, akalishika pua. Lakini mleteeni mtu mwenye karatasi na muhuri. Mleteeni hata mwenyekiti wa kitongoji, asiye na karatasi wala muhuri, mwenye sauti tu. Mzee yule aliyeshika pua ya fahali alikuwa anavua kofia, anaikunja, anaikunjua. "Kama mkutano umeamua," alikuwa akisema. Kila kitu kwake kilikuwa mkutano umeamua.

Alikuwa na msemo: ng'ombe akikupiga teke, kosa ni lako, ulisimama vibaya. Aliutumia kwa ng'ombe na kwa mambo mengine yote. Nimeufikiria sana msemo huo nikiwa peke yangu, nikajiuliza mimi nilisimama wapi vibaya.

Sasa niwataje. Mume wangu alipokufa, Yona, mdogo wake, alitaka shamba la alizeti lililo karibu na korongo. Nikakataa. Mwaka uleule mvua ikakatika, mtama ukiwa umefika magotini. Damari, jirani yangu tuliyekuwa tunaazimana chumvi, akasema ameniona alfajiri nikigeuza chungu kifudifudi katikati ya ua. Kwetu chungu kilichogeuzwa hivyo wakati wa kiangazi ni neno kubwa. Wanasema ndivyo mvua inavyofungwa. Na kweli niligeuza. Nilifunika vifaranga, mwewe asiwabebe, na kuku wangu mama yao alikuwa amekufa. Vifaranga walikuwa wanalia humo ndani, mtu yeyote angeinua chungu angewaona. Damari hakuinua. Alikwenda kwa Elieza, mwenyekiti wa kitongoji, na Elieza akakaa na Yona.

Walichoma jiko langu mchana, mimi nimelala humo kwa ajili ya kivuli. Yona alibeba moto. Elieza alijua. Damari alisema. Nawaandika kwa mpangilio huo, na wakitaka kunishitaki kwa kuwaandika, mkono wangu wa kushoto ambao haunyooki mpaka leo utakwenda kunijibia.

Niligoma kuhama. Ndipo ukaitwa mkutano, nikatengwa. Mtu akaambiwa apite na debe akipiga mbiu toka kisimani hadi kanisani: asisalimiwe, asipewe moto, asiazimwe jembe, akifiwa asizikiwe, na atakayesema naye kwa Kiswahili au kwa Kinyiramba atatengwa naye. Hivyo hasa ndivyo ilivyotangazwa, kwa sababu Elieza alipenda maneno yatimie, asije mtu akasema nilimsalimia kwa lugha ya nyumbani, hiyo haikutajwa.

Pale mkutanoni mikono iliponyooka sikuitazama yote. Niliutazama wa Bwana Mifugo. Ulipanda taratibu, ukaishia begani, kama mkono wa mwanafunzi anayeomba kutoka nje. Lakini ulipanda. Elieza akauhesabu.

Kutengwa mtu asiyekuonja hawezi kukuelewa. Hupigwi. Hutukanwi. Unafika kisimani, wanawake wanainua ndoo zao hata kama hazijajaa, wanaondoka. Unakwenda kusaga Ulemo, kwenye mashine ambako hawakujui, ili usikie mtu akikuambia "mama sogea." Nilikuwa natembea mwendo ule wote kwa ajili ya neno sogea. Nyumbani nilianza kuongea na sufuria, halafu nikaacha, nikaona hata sauti yangu imekuwa ya mtu mwingine.

Siku moja nimesimama karibu na uzio, nachambua mboga, nikasikia upande wa pili, "Buenos días."

Nikachungulia. Bwana Mifugo amesimama na ng'ombe wake, Paloma, yule mwekundu mwenye pembe moja iliyoshuka. Anamtazama ng'ombe. Nikaendelea na mboga. Kesho yake saa ileile, tena. Siku ya tatu nikajibu vilevile nilivyosikia, na mzee hakugeuka, lakini mkono uliokuwa unampapasa Paloma ulisimama.

Wiki ileile Elieza akapita njiani.

"Bwana Mifugo! Unaongea na nani hapo?"

"Na ng'ombe, mwenyekiti."

"Mbona nimesikia anajibu?"

"Huyu amesoma," mzee akasema. "Ni wa mbegu ya nje."

Watu waliokuwa na Elieza wakacheka, naye ikabidi acheke. Akaenda zake. Hapo nikaelewa kwamba maneno yale yalikuwa salamu, na nikaelewa alichokuwa amekiona yule mzee mwoga: mbiu ilikataza Kiswahili na Kinyiramba. Kihispania hakuna aliyekikataza, na ng'ombe hakuna aliyemtenga.

Ndivyo nilivyosoma. Mimi mtu wa darasa la tatu, niliyetolewa shule nikachunge, nikawa mwanafunzi wa Kihispania nikiwa na umri wa kuwa bibi. Alipohitaji kunieleza maana alimweleza Paloma kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayemkaripia mnyama: "Wewe Paloma, simama vizuri! *Hablar* ni kusema." Halafu anaendelea na mengine kwa lugha yake. Akaliandika neno hilo kwa chaki ya kuwekea mifugo alama, kwenye ukuta wa birika la maji unaotazama upande wangu. Ile herufi ya kwanza, h, akaikata kwa kidole: ipo, lakini haitamkwi. Nikacheka peke yangu mle kwenye minyaa. Nikasema hata herufi zimetengwa.

Wengine wanaofundisha lugha, nadhani, huanza na nakula, naenda. Yeye alianza na ningesema. Sikujua kwamba ni ajabu mpaka baadaye.

"Paloma, sikiliza. Hapa hukati kitu. Ukitaka kusema 'nasema', unakata mkia wa neno, unatupa. Ukitaka 'ningesema', unaliacha neno zima, unaongeza tu." Akaandika hablar, neno zima, kisha mkia wake. *Hablaría*, ningesema. *Hablarías*, ungesema. *Hablaría*, angesema. *Hablaríamos*, tungesema. *Hablarían*, wangesema, na mngesema pia ni hilohilo kule alikokaa yeye.

Mimi nilikuwa nakosea kama watu wa kwetu wote wangekosea. Kwetu mtu anatangulia: ni, u, a. Nikawa nasema "ni-hablaría". Mzee alimpiga Paloma kofi la mgongoni. "Mtu nyuma, Paloma! Kwanza tendo, mtu anafuata." Sikulipenda hilo. Na nilipogundua kwamba ningesema na angesema kwao ni neno moja, nilikasirika kabisa, nikaropoka kwa Kiswahili kupitia uzio, "Sasa hapo mkosaji atajulikanaje?" Hakujibu, kwa sababu nilikuwa nimesema kwa lugha iliyokatazwa. Kesho yake tu ndipo Paloma alipoelezwa kwamba mtu akitaka kutaja nani, anaweka mbele *yo*, mimi, au *ella*, yeye wa kike. Nikaridhika kidogo.

Iliyonishinda ni ya sisi. *Hablaríamos.* Ulimi wangu ulitaka kupandisha sauti karibu na mwisho, kama tunavyosema maneno yetu, na kumalizia kwa i, hablariamosi. Sauti inapanda kwenye í, mzee alirudia, halafu unashuka nayo mpaka chini. Ng'ombe wa watu alikaripiwa msimu mzima wa palizi kwa kosa langu la tungesema.

Halafu tukaingia vitenzi vingine. Kula, *comer*. Kuishi, *vivir*. Maneno yao yana koo tatu, akasema, za ar, za er na za ir, na katika nyakati nyingine kila ukoo una mikia yake. Katika hii ya ninge, koo zote tatu zinavaa mkia mmoja. Comería. Viviría. "Hapa hakuna wa juu wala wa chini," akamwambia Paloma, na sauti yake ikawa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia alipokuwa kanisani.

Mtu kama huyo utamchukia au utampenda? Mimi nilifanya yote mawili asubuhi moja. Alikuwa ananiachia maziwa kwenye kibuyu juu ya jiwe, halafu anatangaza njiani kwamba paka wanamwibia. Mke wake alipofariki sikuruhusiwa kuzika. Nilisimama nyuma ya minyaa, naye katikati ya waombolezaji akakohoa, akasema neno moja la Kihispania kwa sauti, *gracias*, yaani asante, watu wakadhani amechanganyikiwa kwa uchungu. Mtu huyohuyo alikutana nami gulioni Kinampanda, mbali na kijiji, hakuna Elieza, hakuna Yona, hakuna Damari. Ameshika jogoo wa kuuza. Nikasema leo. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

Mzee akamwinamia jogoo, akaanza kuongea naye Kihispania, upesi upesi, jasho likimtoka.

Mama aliyekuwa anauza vitunguu akanihurumia. "Huyo mzee ni kiziwi, mama?"

"Si kiziwi," nikasema. "Ni mtumishi wa serikali."

Yule mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilirudi kwa miguu, njia nzima nikiwa na ile shikamoo kooni, haijapokewa.

Kesho yake kwenye uzio nilimwuliza kwa Kihispania changu kilichovunjika, kwa nini. Akamkwaruza Paloma shingo. Kisha akasema, "*Hablaría.*" Ningesema. Nikasubiri. Kwetu mtu akisema ningesema, unasubiri hiyo iliyobaki: ningesema kama nini? Kama nani asingekuwepo? Yeye aliishia hapo, akampeleka Paloma malishoni.

Baadaye nilijua kwamba ndivyo alivyoishi. Aliwahi kumsimulia ng'ombe, nami nikiwepo, kuhusu mwanamke wa Kuba aliyemfulia koti la shule na kumwomba asiondoke. Alimjibu *me quedaría*, ningebaki, akapanda ndege. Hakuongeza chochote. Alimkamua Paloma mpaka maziwa yakaisha na bado mikono ikawa inavuta.

Kutengwa kwangu kulikwisha kama kidonda kinavyokauka, bila mtu kusema kimekauka. Mvua zilirudi. Elieza aliangushwa kwenye uchaguzi, kwa mambo ya vitunguu vya ushirika, si kwa ajili yangu. Mwenyekiti mpya alikuwa kijana aliyekulia Kiomboi, akanisalimia siku ya kwanza kwa sababu hakuna aliyemwambia. Wengine wakamwiga. Siku moja Damari akaingia uani na kikombe.

"Mama, nisaidie chumvi kidogo."

Kama vile tuliachana jana vizuri! Nilimpa. Nilimpa nikimtazama usoni, akatazama kikombe. Yona ananiita shemeji hadi leo, na alizeti analima kwenye shamba langu. Hakuna aliyeniomba radhi, na hakuna aliyepita na debe kutangaza kwamba yule mama sasa ni mtu. Kunitoa kulipigiwa mbiu. Kunirudisha kulifanyika kimyakimya, kila mtu na aibu yake.

Na hapo ndipo Bwana Mifugo aliponishinda. Kijiji kizima kilikuwa kinanisalimia, yeye hakunisalimia. Nilipita njiani akiwa amekaa na wenzake, wao wakasema "Habari, mama," yeye akasema *buenas tardes*, salamu yao ya mchana, huku akitazama mbuzi. Wenzake wakamcheka.

"Mzee, yamekwisha hayo! Msalimie mama wa watu!"

"Mkutano haujafuta," akasema. "Uamuzi wa mkutano unafutwa na mkutano. Mbiu haijapigwa."

"Utakufa na sheria zako."

"Nitakufa nazo."

Nilikasirika siku hiyo, nikaona ni woga umevaa kofia ya sheria. Lakini katika usiku ule wote wa maisha yangu, wengine waliniachia giza kisha wakajifanya hakujawahi kuwa na giza. Yeye peke yake alikubali kwamba jambo lile lilitendeka na bado halijatenguliwa. Nilimwomba mwenyekiti mpya aitishe mkutano afute. Akasema, "Mama, ya nini kufukua? Si watu wanakusalimia?" Nikaendelea kwenda kwenye uzio. Tulikuwa tumezeeka wote watatu, mimi, yeye na Paloma, na Kihispania chetu kilikuwa cha mambo ambayo yangekuwa: tungekula, tungeishi. Hata ya sisi nilikuwa nimeiweza.

Mwaka huu kiharusi kikampata. Alipelekwa hospitali, akarudishwa, na binti yake akaja kutoka Singida mjini kumwuguza. Nilikwenda kumwona mchana, kupitia njia kubwa, na nguo yangu ya kanisani. Binti alinipokea mlangoni.

"Karibu, mama. Ila usishangae. Mkono wa kulia umekataa, na ile lugha yake imekwenda yote. Amebaki na Kinyiramba, na Kiswahili kidogo."

"Kihispania hata kidogo?"

"Nimemsomea hata maandishi yake mwenyewe ya zamani. Ananitazama tu."

Niliingia. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mdogo, bila buti. Nikakaa karibu na kitanda. Nikasema *buenas tardes*. Akanitazama kama mtu anayesikia debe la mbali. Nikajaribu tena, nikamtajia kitenzi chetu, chote, kuanzia ningesema mpaka wangesema, taratibu, sauti ikipanda kwenye í kama alivyonifundisha. Uso wake haukusogea. Nikafikiri, sasa imebaki lugha moja tu kati yetu, ile niliyoitaka siku zote.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

Macho yake yakaamka. Alinijua, nilimwona akinijua. Midomo ikaanza kutafuta jibu, nami nikasogea. Kisha akatazama mlangoni, akanirudia, akauliza kwa Kiswahili kizito cha ulimi mgonjwa:

"Mama... mbiu... imepigwa?"

Binti nyuma yangu akanigusa bega, akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu, kuniambia niseme ndiyo. Ningesema ndiyo, angenisalimia. Alikuwa tayari, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini mbiu ile si yangu kuipiga. Ni ya Yona, na Elieza, na Damari, na wote walionyoosha mikono, na yeye mmojawapo.

"Haijapigwa, mzee," nikasema.

Akafumba mdomo. Akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa jibu sahihi, akatazama ukuta.

Binti aliniletea uji, akakaa pembeni analia. Nilimnywesha kijiko kwa kijiko, naye alikunywa, akifungua mdomo kwa kijiko na kuufunga kwa neno, mpaka bakuli likaisha. Nikamfuta kidevu. Nikaosha bakuli. Halafu nikaondoka bila kuaga, kwa maana kuaga nako kulikuwa kumekatazwa.